Wino Unajitafutia Njia

Fundi cherehani alikuwa akilichora jicho la sanamu ya zimwi ya plastiki, ndogo kama kidole gumba, mkono ulipomtetemeka tena na brashi ikalipaka shavu zima. Maradhi yalikwisha kumnyang'anya mkasi. Sasa yalitaka na hizi sanamu, alizozoea kuzipaka rangi na binti yake tangu binti akiwa mdogo.

Akazikusanya brashi, akamsogezea binti aliyeketi kando yake. "Chukua, mama. Mimi ndiyo basi tena."

Binti hakuzigusa. Alifungua kichupa cha wino mweusi, akauzimua kwa maji mpaka ukawa mwepesi kama chai.

"Macho niachie mimi, baba. Wewe mpitishie huu mgongoni."

"Kwa mkono huu?"

"Wino haungoji mkono. Unajitafutia njia."

Baba akagusisha brashi. Mkono ulitetemeka vilevile, lakini wino ulitambaa taratibu, ukajaa kila kifereji baina ya magamba, na mgongo uliokuwa bapa ukaumuka kama wa mnyama anayevuta pumzi.

Tone kubwa likadondoka mkiani. Binti akanyoosha kitambaa alifute.

"Mwache," baba akasema, akichovya tena. "Huyu kanyeshewa."