Bibi Afeli Mtihani wa Simu

Epifania alitangaza kwa heshima zote kufunguliwa kwa Chuo Kikuu cha Ubongo, Malangali. Makao makuu yalikuwa jikoni. Mwanafunzi alikuwa bibi yake, aliyecheza mchezo wa kukumbuka picha kwenye simu ili asianze kusahau.

Kila bibi alipoinama kuchochea moto, Epifania alipandisha mchezo hadi kiwango kigumu kabisa.

“Profesa, umefeli tena!” alimtania.

Leo bibi hakucheka. Vidole vyake vilihangaika na fundo la kitenge, akatoa ufunguo wa ghala, akampa mama yake Epifania.

“Mbegu za ulezi tunza wewe. Mimi nitazichanganya, kichwa kimeanza kusahau.”

Mama akaitazama simu. “Nani kapandisha mchezo hadi kiwango hiki?”

“Mimi! Bibi, nilikuwa nakutania tu!”

Bibi akampapasa shavu. “Usinifariji kwa uongo, mjukuu wangu.”