Mkalimani Hana Jina

"Mimi ni mkalimani," Domina alisema kwenye simu, akataja namba yake ya kazi tu. Katika kazi hii mkalimani hana jina. Anayarudia ya watu, lake haongezi. Kazi ya kasuku, mwenyewe alizoea kusema.

Ilikuwa mwaka 2021, Sydney imefungwa kwa Corona. Domina alifanyia kazi nyumbani, mtaa wa Granville. Alimwashiria mwanawe Calvin apunguze sauti ya darasa lake la Zoom, akafunga mlango.

Upande mmoja alikuwa mwalimu mkuu. Domina alipoisikia sauti ya mama huyo, sauti yake mwenyewe ikashuka. Upande wa pili alikuwa Mushagalusa, Mkongo aliyeletwa pamoja na familia yake kutoka kambi ya wakimbizi.

Binti yake Nsimire na watoto wenzake wa kambini walitengewa chumba cha nyuma tangu Februari. Hata sasa, masomo yalipohamia kwenye kompyuta, walikuwa na darasa lao peke yao. Wengine wakifanya hesabu, wao wanapaka rangi. Wiki hii Nsimire aliifunga kompyuta, akagoma kuifungua.

"Mutoto wangu haiko mujinga, madame," alisema Mushagalusa. "Sababu gani munamutia kando?"

"Mtoto wangu si mjinga," Domina akatafsiri kwa Kiingereza. "Kwa nini mnamtenga?" Alitamani kukata simu, lakini mkalimani hakati.

Mwalimu mkuu alisema anasikitika, ila kwa mwaka huu uamuzi umeshapita. Tena halikuwa wazo la shule. Mzazi mmoja wa Kiafrika ndiye aliyekuja kulalamika kwamba watoto wa kambini wanawachelewesha wenzao, na shule ikaona Mwafrika mwenzao ndiye anayewajua vizuri.

Domina akayatafsiri yote.

"Ni nani huyo?" Mushagalusa akauliza.

Domina hakuwa na la kufanya, akalitafsiri swali. Akamwomba Mungu mwalimu mkuu akatae kulijibu. Mwalimu mkuu akalijibu.

"Ni Mtanzania," Domina akasema kwa Kiswahili, bila kuongeza wala kupunguza. "Ni mama yake Calvin."

Mushagalusa akashusha pumzi.

"Aksanti, mama," akamwambia mkalimani. "Hapa Sydney, weye tu ndiyo umenisikiliza."