Ndoo Nyekundu za Saa Nne

Saa nne kamili mtambo wa pili uliacha kutoa ndoo za bluu, ukanyamaza, kisha ukaanza kujisafisha koo ili utoe nyekundu. Hakuna aliyeagiza ndoo nyekundu.

"Haya, mchawi wetu ameingia kazini!" mtu mmoja alipaza sauti, na kiwanda kizima kikacheka.

Meneja hakucheka. Wafanyakazi walimwita Ratiba, kwa sababu hata akipiga chafya ungedhani aliipanga tangu jana. Kutoka ofisini kwake juu, nyuma ya kioo, aliona mikono ya chuma, mikanda inayotembea na skrini ya ule mfumo unaopanga kazi wenyewe. Likiingia agizo la haraka, mfumo unalisogeza mbele. Mashine moja ikiugua, kazi yake inahamia kwa jirani kabla binadamu hajakuna kichwa. Ulikuwa mfumo wa kujivunia, ila kila siku ya Mungu, saa nne, ulishikwa na wazimu huu wa robo saa.

Simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi.

"Nimeona tena. Kuna mtu anachezea ratiba. Nataka jina lake kabla ya jioni. Ukilikosa, nitaandika lako."

"Utalipata, mkuu. Na leo hii huyo mtu anaacha kitambulisho mlangoni."

Ratiba alifumba macho, akamwomba Mungu subira. Akaomba na adui afichuliwe, maadamu alikuwa ameshafika kwenye maombi. Kisha akashuka ngazi.

Mwisho wa mkanda wa pili, Mama Boksi, mpakiaji wa siku nyingi, alikuwa amekalia ndoo kuukuu nyekundu aliyoifudikiza. Miguu ameinyoosha, chupa ya chai iko kando. Mkanda ukiwa mtupu, yeye hana cha kupakia.

"Naona kuna watu wananufaika," Ratiba alisema.

"Bosi, hata salamu?"

"Tulishasalimiana asubuhi."

"Asubuhi ulisalimia simu yako."

Waliokuwa karibu waliinama ghafla kufunga kamba za viatu, hata wenye ndala.

"Nani anakusimamishia mkanda?"

"Mungu," alijibu Mama Boksi bila haraka. "Magoti yangu haya, miaka yote namshukuru Yeye. Kama kuna mwingine, mlete nimshukuru naye."

"Nikimpata, utamshukuru akiwa nje ya geti."

"Usiape, Bosi. Kiapo hakina macho." Akamsogezea kikombe. "Chai ipo."

"Sina muda wa chai."

"Najua. Siku hizi muda inao mashine."

Ratiba akapanda ngazi akiwa na hasira za kutosha watu wawili. Alimhoji mlinzi, akamhoji msimamizi wa zamu, akamhoji hata mfagiaji, ambaye aliapa kwamba kitu pekee anachojua kubonyeza ni swichi ya taa.

Alasiri, fundi wa mfumo alibisha hodi. Alikuwa binti mcheshi, mgeni pale kiwandani, asiyeogopa vyeo.

"Mzee, hakuna anayeuchezea. Mfumo unabadilisha wenyewe."

"Basi umeharibika."

"Wapi! Mzima kama kigongo. Ugonjwa wake ni utii. Kabla haujakabidhiwa kazi, ulikaa mwaka mzima ukimtazama kijana mmoja akipanga kwa mkono, ili uige. Sasa huyo kijana, kila siku saa nne, alikuwa anatoa bluu anaweka nyekundu. Mfumo ukadhani ndiyo kazi."

"Nyekundu ya nini, wakati hakuna aliyeitaka?"

Fundi alicheka. "Hapo ndipo nilipompa heko. Kusafisha bluu ili ipite nyekundu kunachukua muda mrefu kuliko rangi nyingine yoyote. Jamaa hakutaka ndoo, mzee. Alitaka ule mkanda utulie. Tena wa pili tu, mingine hakuigusa."

Ratiba alikaa.

"Jina lake?"

"Jina halipo, ipo namba ya kitambulisho. Hii hapa. Sijui aliishia wapi, maskini."

Ratiba aliitazama namba ile kwenye skrini. Aliitazama mpaka fundi akaanza kukusanya vifaa vyake. Kisha, polepole, akakigeuza kitambulisho kilichoning'inia kifuani mwake, upande wenye namba ukaelekea shati.

"Niufute huo mtindo?" fundi aliuliza mlangoni. "Ni kubonyeza mara moja tu."

Simu ikalia kabla hajajibu.

"Umepata jina?" mkurugenzi aliuliza.

"Nimelipata, mkuu."

"La nani?"

"Atakuja kwako mwenyewe, kwa miguu yake. Kesho." Ratiba alimtazama fundi, akatikisa kichwa kumkatalia. "Saa nne ikishapita."

Kesho yake, mtambo wa pili uliponyamaza, alishuka ngazi bila simu mkononi. Alichukua ndoo moja ya bluu, akaifudikiza kando ya ile nyekundu, akakaa.

Mama Boksi hakugeuka. Alimimina chai kwenye kikombe cha pili, kile alichokuwa akikibeba kila siku.

"Umechelewa, Baba Watoto," alisema. "Lakini bado ya moto."