Kona ya Filimbi

Mwanamke wa mwisho hakuwa na fulana nyeupe. Wakimbiaji wote wa nusu marathoni walivaa fulana nyeupe yenye picha ya Filimbi kifuani, anacheka meno yote nje. Yeye alivaa sweta kuukuu la kijani na raba za kuazima. Wenzake walikwisha kupotelea juu ya kilima cha pili. Nyuma yake gari la kuokota waliochoka lilimfuata taratibu, kama fisi anayengoja mkono wa binadamu udondoke.

"Panda tu, mama," dereva wa gari hilo alimtania kupitia dirishani. "Konokono ametupita pale darajani, tena hata salamu hakutupa."

"Sipandi, mwanangu. Mpaka konani."

"Kona ipi? Mji huu wote ni kona."

"Ya Filimbi. Nimemwahidi mtoto wangu nitafika kwa miguu."

Dereva alikuwa mgeni mjini, lakini picha ile alikuwa ameiona asubuhi nzima. Akavua kofia, akazima redio. "Pole sana, mama," akasema, na hakutania tena.

Filimbi alikuwa kijana wa mbio. Jina alilipata kwa kupiga mluzi huku akipanda milima ambayo wengine waliipanda ulimi nje. Mwaka uliopita, asubuhi ya mazoezi, lori la kabichi lilimkuta konani. Lilikuwa linashuka bila gia. Ndiyo desturi ya madereva wa huku: wakifika kileleni wanatoa gia, wanaliacha lori liteleze lenyewe mpaka sokoni ili kubana dizeli. Breki zikichemka hakuna cha kulishika, na mwenye kupita apite na Mungu wake.

Mwanamke huyu alikuwa mchuuzi wa kabichi. Malori hayo ameyapanda miaka nenda miaka rudi, tena kiti cha mbele, na hata siku moja hakumwambia dereva yeyote aweke gia. Hilo lilimuuma kuliko magoti.

Kilima cha tatu kilianzia mbele ya karakana ya seremala. Watu waliokuwa wanashangilia pembeni walinyamaza alipopita. Mmoja aliinua mikono apige makofi, mwenzake akamshika. Alishazoea, mwaka mzima sasa watu wakimwona wanakosa la kusema.

Kwenye kichochoro cha mashine ya kusaga akatokea dada yake mkubwa, kandambili mkononi, akakimbia kando yake.

"Rudi nyumbani, mdogo wangu. Unatonesha kidonda."

"Nimeahidi, dada."

"Umemwahidi nani?"

"Yeye. Jumapili nilikwenda kumwona. Nikamwambia, siku ya mbio nitasimama pale, niseme yale ambayo wewe hukupata nafasi ya kuyasema."

"Naye?"

"Kimya, dada. Kimya tu."

Dada akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Haya, nenda. Lakini kaza mwendo. Wakishafunga meza ya maji hutakuta mtu wa kukusikia, utaongea na mawe."

Hilo ndilo aliloliogopa. Akakaza mwendo, kama kule kujikokota kunaweza kuitwa mwendo. Aliwaza kitanda cha mwanawe, kilichotandikwa shuka zile zile, na koti lililobaki msumarini kwa sababu hakuna nyumbani aliyethubutu kuligusa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini huu wake haukuwa na pa kuutua. Wengine huwekewa matanga, wakashikwa mkono, wakalia na majirani. Yeye alilia jikoni, maji yakiwa yanachemka ili asisikike.

Konani vijana walikuwa wameanza kuokota vikombe na kukunja meza. Aliyesimamia maji pale alikuwa mshonaji wa mtaa wa juu, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi. Kamati ilitaka kumpa meza ya mwanzo, kwenye kivuli. Akakataa, akaomba kona hii hii. Alipomwona mwenye sweta la kijani anapanda, aliwaambia vijana waiache kwanza ndoo.

Mwanamke akafika, akasimama. Yale aliyoyapanga tangu Jumapili, aliyoyarudia kimoyomoyo njia nzima, yakampotea. Akapiga magoti juu ya lami, akalia kwa sauti kubwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Dereva wa gari la nyuma akageuza uso.

Mshonaji alichota maji. Akainama, akamwekea kikombe mkononi, akamkunja vidole kimoja kimoja ili kisimponyoke. Akamngoja anywe.

"Mimi wangu nimeshamzika," akasema. "Wako je, huko gerezani wamempa blanketi?"