Maziwa ya Berthe

Jirani yetu Berthe alikuwa amesha kufungua blauzi ili akamue maziwa ndani ya jicho la mama kama dawa, nikamushika mukono.

Ilikuwa siku ya tatu tangu munganga wa hospitali amupige mama sindano katika jicho lile. Asubuhi hiyo liliamka jekundu, linauma, na mama haoni tena mitumbwi kwenye ufuko wa Kashikishi.

“Berthe, achia mutoto wako chakula yake,” nikasema. “Mama ana miaka sitini, alishaachishwa ziwa zamani.”

Mama akacheka huku analia. Nikamupandisha pikipiki mpaka hospitali.

“Vijidudu vimeingia,” munganga akasema, “lakini mumefika mapema. Jicho tutaliokoa.”

Mama, macho yote amefumba kwa maumivu, akapapasa mpaka akapata sikio langu, akalifinya.

“Aksanti, mukosa adabu.”