Mwanamke Anayepokea Simu

Asubuhi hiyo tena, simu ya kijana ilipokewa na yule mwanamke.

Mama wa kijana alimsikiliza hadi mwisho. Mwanamke huyo alikuwa na adabu zake zile zile, sauti laini, haraka hana. Akasema kijana hayupo. Akaomba radhi. Akamshauri ajaribu tena baadaye, na simu ikakatika kabla hajaulizwa chochote. Mama alibaki ameishika sikioni, kama ilivyokuwa jana na juzi.

"Kapokea nani?" mumewe aliuliza kutoka mlangoni, begi la vifaa vya kutengenezea friji begani.

"Yule yule," Mama alinong'ona.

"Usimchukie sana, mke wangu. Kosa si lake."

"Ni la nani basi?"

Mumewe aliliweka begi vizuri begani, akaenda zake kazini.

Kijana aliondoka nyumbani akitaka kuwa msanii. Sauti alikuwa nayo, tena ya kuzaliwa. Hilo hakuna aliyebisha. Alitaka nchi nzima imjue. Mama alimwambia kujulikana na nchi nzima hakukupi hata mtu mmoja wa kukuletea maji ukiumwa.

"Wewe ndiye wa kusema, mama," kijana alimjibu, akacheka, akamkumbatia, akapanda basi.

Mwanzoni alipiga simu kila jioni, halafu mara mojamoja, halafu kimya. Baba yake alifunga safari hadi kwenye chumba alichopanga. Mwenye nyumba akasema kijana alitoka na gitaa lake, akaaga vizuri, hakurudi. Polisi waliandika maelezo. Hospitali zilipekuliwa, na kule kwingine ambako Mama hakuweza kuingia, baba aliingia peke yake, akatoka akitikisa kichwa. Sasa ilibaki namba ya simu tu, na yule mwanamke kaisimamia kama mlinzi wa getini.

Wala hakuwa mtu wa kujificha. Nchi hiyo haijapata kuwa na mwanamke maarufu kumzidi. Wabunge walimjua, wezi walimjua, watoto wa chekechea walimwigiza kwa kubana pua. Kuna ndoa zilizotikisika kwa ajili yake. Ametukanwa kuliko refa. Pamoja na yote hayo, hakuna aliyejua sura yake, wala aliyewahi kumuuliza ana hali gani.

"Huyu mwanamke ningemkamata, ningemng'oa ulimi!" alisema mteja mmoja aliyefuata sare za wanawe, akiitupa simu yake mkobani. "Mume wangu yuko safarini, kila nikipiga, yeye! Au wewe hajawahi kukupata?"

Mama alikuwa anashona vifungo. Alitikisa kichwa tu bila kuinua macho. Mtaani walishamzoea, fundi cherehani wa kunong'ona. Walisema ana ugonjwa wa koo, naye hakuwakatalia. Lakini tangu kijana apotee alinong'ona hata na mumewe, hata akisali.

Alikuwa anaogopa. Yule mwanamke alianza kumjia hata simu ikiwa imezimwa: ndani ya mlio wa cherehani, ndani ya maji ya bomba yakijaza ndoo, akiomba radhi, akiomba radhi. Mama aliingiwa na wazo moja, likamganda. Kwamba huyo ndiye anayemzuia mwanawe. Kwamba siku atakaponyamaza, kijana atapokea mwenyewe na kusema, "Mama, nipo."

Hakumwambia mtu. Alifunika cherehani, akajitanda mtandio hadi mdomoni, akaenda ofisi ya kampuni ya simu.

Ukumbi ulijaa. Huyu kapoteza laini, yule kasahau namba ya siri, mwingine anagomba tu kwa sababu kachoka kusimama. Zamu ya Mama ilipofika, binti wa kaunta ilibidi ainame ili amsikie.

"Nataka yule mwanamke aondolewe kwenye simu ya mwanangu."

Binti alicheka kidogo, bila ubaya. "Mama, yule hayuko kwenye simu ya mwanao. Yuko kwenye simu zote. Ni sauti tu ile, ilirekodiwa zamani, mimi nikiwa bado shule ya msingi. Hata hatujui kama mwenyewe bado yu hai."

"Mwondoeni hivyo hivyo. Simu iite tu. Au iwe kimya."

"Kwani amekukosea nini?"

"Kila siku ananiambia mwanangu hapatikani." Mtandio ulicheza mdomoni. "Nami naanza kumwamini."

Uso wa binti ulibadilika. Aliacha kuchezea kalamu, akasogeza kiti chake mbele.

"Pole sana, mama. Ngoja nimwite meneja, labda kuna la kufanya. Ila maneno yako mengine sikuyasikia, kelele zimezidi hapa. Shusha mtandio, umwambie mwenyewe kwa sauti. Unataka tumwondoe nani?"

Mama aliushusha mtandio. Akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu kijana apotee, akaongea kwa sauti yake kamili, laini, isiyo na haraka.

"Samahani," alisema. "Naomba mniondoe mimi."

Ukumbi mzima ukanyamaza, na kila aliyekuwa kwenye foleni akaitazama simu yake.