Ng'ombe wa Inchi Thelathini

"Tia chumvi kidogo, bwana," Gichuki, ofisa wa mifugo, alimwambia Kioko, mchanjaji wake. "Sema wamekufa sabini."

"Wamekufa thelathini," Kioko akajibu, rula mkononi. "Nitachora thelathini."

Ubishi huo! Lakini alikuwa na sababu. Mwaka huo wa 1966, wafugaji wa Garissa hawakuamini neno lolote la serikali, na nani angewalaumu? Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ilikuwa imeshafika ng'ambo ya mto. Dawa ya chanjo ilikuwa kwenye barafu inayoyeyuka; ng'ombe wasipochanjwa kufikia kesho adhuhuri, basi tena. Na kwa sababu ya vita na waasi, wanajeshi walikuwa wamepiga marufuku mikutano. Ikabaki picha, tena picha ya kweli tupu.

Akapima inchi moja kwa kila ng'ombe aliyekufa. Katika mia waliochanjwa walikufa wawili, akachora ng'ombe wa inchi mbili. Katika mia wasiochanjwa walikufa thelathini, akachora ng'ombe wa inchi thelathini, na pembe zake na nundu yake. Chini akaandika maelezo kwa hati nzuri, akaibandika picha kwenye ukuta wa soko la mifugo.

Sirad, mjane mwenye ng'ombe wengi kuliko wanaume wa mtaa wake, akaja kutazama. Kusoma hakujua, ila ng'ombe alimjua vizuri sana.

"Daktari, hii umechora kwa haki?"

"Haki ya Mungu, mama. Sikuongeza hata unywele."

Sirad akampapasa yule mkubwa nundu. "Mashallah!" akasema, akaondoka mbiombio.

Kioko alilala roho juu. Alfajiri akaamshwa na kelele. Lo! Ng'ombe mamia kwa mamia, vumbi hadi mawinguni, wenyewe wakisukumana nani atangulie. Kioko alicheka mpaka machozi yakamtoka. Hata Gichuki akampa mkono. "Umenishinda, bwana. Kumbe ukweli unalipa."

Kioko akajaza bomba la sindano, akaita wa kwanza. Alikuwa Sirad, amemshika fahali wake sikio, na nyuma yake umati mzima umetulia kumsikiliza.

"Daktari, sisi wote tumekubaliana," akasema. "Ng'ombe yetu piga dawa ya ile kubwa. Ile dawa ya kufanya ng'ombe ndogo, rudisha Nairobi."